Damu Yangu kwa Jina la Barasa

Malaba, Jumapili alasiri

Dada Mishi,

Assalaam aleikum, wewe na wote waliomo nyumbani. Natumaini mguu ulioteguka kisimani umepoa, na Mama amerudi kula vizuri baada ya ile homa. Mimi nipo. Neno "mzima" nimeliruka makusudi, na nitakueleza kwa nini, lakini kwanza angalia nani amesimama karibu nawe. Kama kuna watu, kunja karatasi hii, ifunge kwenye pindo la leso, ukaisomee chooni kama ulivyokuwa ukisoma barua za shemeji kabla hajakuoa. Usidhani sikukuona. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na macho.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kama mtu wa zamani na simu ninayo. Dada, nyumbani kwetu simu haina mwenyewe. Nikipiga tu, Mama anaiweka kwenye spika, jirani anaingia, watoto wananyamazishwa, hata muuza maji anasimamisha mkokoteni wake asikilize Omari wa mpakani anasemaje. Nami nasema niko salama, kazi nzuri, baridi kidogo. Wote wanaitikia alhamdulillahi, basi. Miezi mitatu sasa nataka kusema neno jingine na sipati mlango. Barua hii nampa dereva anayeshuka Mombasa bila mzigo, ameniapia ataifikisha mpaka dukani kwako, mkononi mwako.

Kazi yangu mnaijua kwa jina tu. Omari yuko ofisini, Omari anafanya kompyuta. Ofisi yenyewe ni kontena, Dada. Kontena lile lile la kupakia mizigo, wamelitoboa dirisha moja linaloangalia ubavu wa kontena jingine. Naingia saa moja asubuhi na kutoka jua limekwisha kuzama. Mlango tunaufunga kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori. Humo ndani naandika karatasi za mizigo inayovuka kwenda Uganda, na inayotoka huko: sukari, mafuta ya kupikia, mabati, mitumba. Kila siku vitu vinavuka mpaka, mimi nabaki kwenye kiti. Jua la huku ni kali kama la kwetu, lakini mimi nalijua kwa joto la bati tu.

Na kula kwangu usiulize. Saa nne chai ya rangi na chapati. Mchana soda na mandazi, maana kutoka kwenda hotelini ni kupoteza zamu ya dereva aliyekuwa akisubiri. Jioni chipsi. Watu wa huku wanakula mboga za majani za kila namna, na dagaa wa ziwani wanaoletwa kutoka Budalang'i, omena wanawaita. Mimi nikawa nawacheka. Mimi mtoto wa pwani, mla nguru na changu, nikae nile visamaki vya urefu wa sindano? Na ule mrenda wao unaovutika kama gundi, nilisema wazi kuwa siuwezi. Tumbo likianza kuniwaka nanunua vidonge vya kukata asidi, navitafuna, naendelea na kazi. Vidonge hivyo nimevitafuna miaka minne bila kumwuliza mtu.

Sasa nikujulishe kwa Barasa, maana bila yeye hutaelewa kitu. Barasa ni dereva wa masafa marefu, umri wake miaka hamsini na nne, kwao ni Bukhayo, hapa hapa kaunti ya Busia. Kitambi anacho, sauti anayo, na mimi alinishika mkono siku ya kwanza nilipofika Malaba sijui hata pa kulala. Akiwa kwenye foleni ya mpakani, ambayo hukaa hata siku tatu, huja kukaa kwenye kontena letu akanisimulia habari za njiani. Nampenda mzee huyu kama nisivyowahi kumwambia.

Miezi mitatu iliyopita kampuni yake ikatangaza kwamba kila dereva apimwe afya katika kliniki moja ya hapa Malaba, na asiyekuwa na cheti hashiki usukani. Barasa akaja kwangu jasho linamtoka. Hajawahi kupimwa presha maishani, na alikuwa na hakika kwamba siku watakayompima ndiyo siku atakayoacha kazi. Sasa hapa mpakani kuna desturi moja, na sisemi kama ni nzuri. Mwenye mwandiko mzuri humwandikia mwenzake, mwenye miguu myepesi humshikia mwenzake foleni, na mtu akiitwa jina, aliye karibu anaitikia. Tumezoea kuwa kila mtu ni mtu mwingine. Basi Barasa akaniambia:

"Omari, wewe ni kijana. Umekonda, hauna kitambi, hauvuti sigara. Presha utaitoa wapi? Enda tu hapo wakufunge hiyo kitu ya mkono, wakutoe damu kidogo, urudi. Mimi hiyo mashine ikinifunga itapasuka."

Nilicheka nikachukua kitambulisho chake. Picha yake alipigwa ujanani, alipokuwa mwembamba kama mimi, na imefifia mpaka inaweza kuwa ya mtu yeyote. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kununua vocha.

Daktari ni mwanamke, hazidi umri wako. Akanifunga mashine mkononi, akatazama, akaifungua. Akaniambia nipumzike kidogo. Akapima tena. Akauliza kama nimetoka kukimbia, nikamjibu sikukimbia. Kisha akaniuliza ninajisikiaje siku hizi, na hapo, Dada, nikajisahau. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo akangoja jibu. Nikamwambia nyayo zinakufa ganzi, usiku zinawaka moto. Nikamwambia nikitembea kukagua sili zilizofunga milango ya malori matatu tu, moyo unapiga mbio na inabidi nishike turubai mpaka kizunguzungu kipite. Nikamwambia mpaka habari ya vidonge vya tumbo. Nilimsahau Barasa kabisa. Daktari akaniangalia ulimi, akanivuta ukope wa chini, akaandika vipimo vingine zaidi ya vile vya kampuni.

Baada ya wiki moja nikarudi kuchukua majibu. Akaniketisha akaniita Mzee Barasa. Akasema presha iko juu, mafuta ya damu hayako vizuri, na damu imepungukiwa vitamini B12 na foleti, na hata ile ya jua. Akanieleza polepole kwamba vitamini hizo zikipungua kuna kitu kinapanda kwenye damu, na watu ambao kwao kimekaa juu huonekana zaidi na ugonjwa wa moyo na mishipa. Hakusema vitamini peke yake ndiyo ugonjwa wenyewe. Alisema inahesabiwa pamoja na presha, na kukaa kitako siku nzima, na chumvi na mafuta ya chipsi, na ukoo. Vile vidonge vya tumbo, akasema, vikitumiwa miaka mingi vinazuia B12 isiingie mwilini.

"Kwenu kuna aliyefariki ghafla?" akaniuliza.

Nikasema baba yangu. Akauliza akiwa na umri gani. Nikasema thelathini na tano.

Kalamu yake ikasimama. Akatazama kitambulisho, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Mzee, una bahati ya kufika hamsini na nne. Unaonekana mdogo kwa miaka yako, lakini tusidanganyane. Kwa mtu wa umri wako mambo haya tunayaona kila siku, tunayatibu. Ungekuwa kijana wa thelathini, na baba amekufa hivyo, nisingekuachia utoke kwenye mlango huu kabla sijakupeleka kwa daktari wa moyo."

Dada, nina miaka thelathini na mmoja.

Mdomo ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini nilikuwa nimekalia jina la mtu, na nikisema jina langu, Barasa amekwisha. Nikamwambia daktari, "Kwetu hatuzeeki haraka," akacheka, nami nikacheka. Nikatoka kwenye mlango ule ule aliosema asingeniachia nitoke.

Kampuni ikapelekewa majibu yake. Barasa akavuliwa usukani, lori akapewa mwingine, yeye akaambiwa akae nyumbani atibiwe, kisha apimwe upya kliniki ile ile. Alikuja kwenye kontena akasimama mlangoni, hakuketi.

"Umeniua, Omari. Nimekutuma upite mtihani, umeanguka na jina yangu."

Nikaanza kumwambia labda mashine ni mbovu. Dada, nilisema hivyo kwa uso mkavu, na mimi ndiye ninayejua nyayo zangu.

Kwa hasira akaenda kliniki nyingine huko mjini Busia, upande wa Burumba, safari hii kwa jina lake na mwili wake. Alisema kama ni kufa, afe akijua. Alirudi na karatasi, amefurahi kama bwana harusi. Presha nzuri. Damu nzuri, vitamini zote zimejaa. Daktari wa huko alimwambia apunguze kitambi tu, na akamwuliza anakula nini. Anakula nini zaidi ya yale niliyokuwa nikiyacheka? Omena, mboga za majani, maharagwe, maziwa ya ng'ombe wake. Mke wake humfungia chakula kila anaposafiri. Tukacheka pamoja mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu. Akaitazama karatasi, akanitazama.

"Sasa kama hii ni yangu," akasema, "ile ingine ni ya nani?"

Nikageukia kompyuta. Aliketi kwenye kiti cha wateja na karatasi yake mkononi.

Tangu siku hiyo sijui pa kugeukia. Umewahi kuona lori likiingia foleni ya Malaba? Likishaingia haligeuki. Mbele lori, nyuma lori, kando mtaro. Ndivyo nilivyo. Barasa akienda kupimwa upya, daktari ataona uso mwingine kabisa. Nikienda mimi kwa jina lake, nitaanguka tena. Akipeleka ile karatasi ya Busia kwenye kampuni, watauliza damu ya mtu imebadilikaje ndani ya wiki chache. Na tukisema ukweli, yeye amedanganya mwajiri wake, na mimi ni karani niliyekwenda na kitambulisho cha mtu. Ofisi yetu inaishi kwa karatasi. Nani ataniamini tena na karatasi?

Utasema, si ungekwenda kliniki nyingine kwa jina lako ukatibiwa kimya kimya? Nilikwenda, Dada. Nilifika kwenye ile ya Busia mara mbili. Mara ya kwanza nikageuka langoni. Mara ya pili nilishika foleni mpaka watu wawili wakabaki mbele yangu, nikajiambia nimeacha kompyuta wazi, nikaondoka. Kwa jina la Barasa ule ugonjwa ni wa mzee wa hamsini na nne, naweza kuubeba mfukoni. Kwa jina langu ni wa Baba. Naogopa. Nimeliandika, na sasa unalijua.

Badala yake nikaenda kwa muuza dawa mmoja akanidunga ile sindano nyekundu ambayo watu wa hapa huiita ya nguvu. Wiki ya kwanza nikajiona simba. Wiki ya pili ngazi tatu za kontena zikanishinda kama kawaida, ganzi nayo iko pale pale. Hata kama ndiyo vitamini yenyewe, nilidungwa na mtu ambaye hakunipima wala kuniuliza Baba alikufa vipi. Ni mimi tena, nafanya jambo kienyeji ili nisikae mbele ya daktari.

Ijumaa baada ya swala Barasa alinipeleka kwao Bukhayo. Mke wake akatenga ugali, mboga na bakuli la omena. Nikaanza kuzungusha kidole kando ya sahani. Yule mama akaniambia, "Mtoto wa watu, kula. Hii omena haiumi." Nikala. Nikuambie ukweli na usinicheke, ni tamu. Miaka minne nimejinyima kwa majivuno ya bure. Huku nikila, Barasa akasema mbele ya mkewe kwamba Jumatatu tunakwenda kliniki ya Malaba sisi wawili, kila mtu na kitambulisho chake.

"Utafutwa kazi," nikamwambia.

"Nifutwe ama nisifutwe. Mimi niko na shamba hapa, niko na ng'ombe moja na bibi anajua kupika. Wewe uko na nini, Omari? Uko na kontena."

Yule mama akauliza mambo gani hayo, na mzee akamweleza yote, bila kujitetea. Nilidhani atatufukuza. Aliniangalia tu, kisha akaniongezea mboga.

Ndiyo maana nakuandikia. Nataka uniambie kweli Baba alikufaje. Mama na wazee wamesema miaka yote kwamba ni jicho, kwamba alisifiwa sana kwa kukwea minazi kumi na tano asubuhi moja, watu wakamtazama. Mimi nilikuwa na miaka saba, najua tu kwamba aliteremka, akaketi kwenye shina la mnazi, akaomba dafu. Wewe ndiye uliyempelekea. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na umekuwa ukituambia kwamba alilala. Sikulaumu kwa hilo, ulitulea kwa maneno hayo. Lakini sasa mimi ni mtu mzima na daktari ataniuliza. Je, alishika kifua? Alikuwa akihema siku za nyuma? Miguu ilimfa ganzi? Aliwahi kusema amechoka bila sababu? Andika yote, hata lile unaloona ni dogo. Mpe dereva huyu huyu akirudi.

Jambo la pili ni lako wewe. Juzi kwenye simu ulisema ukibeba ndoo ya maji mpaka nyumbani siku hizi unasimama mara mbili njiani, na wote kwenye spika wakacheka kwamba umezeeka. Mimi sikucheka. Nenda kapimwe, Dada, presha na damu, kwa jina lako. Na watoto, kila siku wanakula wali mkavu kwa chai, na mchicha umejaa kisimani bure. Sijifanyi daktari, maana unajua sasa nilivyokuwa nikila mimi. Nakuomba tu.

Mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe nikiwa na la kumwambia. Ukiona anakuchunguza, mwambie Omari ameanza kula dagaa wa ziwani, atashangaa mpaka asahau kuuliza mengine.

Nisalimie shemeji na mkono wake wa kutengeneza nyavu. Nisalimie shangazi wa mlango wa pili, na mwalimu wangu wa chuo aliyenifundisha alifu. Mabusu kwa wanao wawili, na yule mdogo asiyenijua mwonyeshe picha yangu, si ile ya zamani, hii ya mwaka huu niliyokupelekea, nilivyo sasa.

*

Jumatatu asubuhi

Bado barua ninayo, dereva anaondoka saa tano. Naandika haya juu ya paja, kwenye benchi la kliniki. Barasa yuko kando yangu, amevaa koti la kanisani, anajipangusa jasho na karatasi ya Busia ameikunja mara nne mkononi. Mke wake ametufungia viazi vitamu na omena waliokaangwa, na benchi zima linanukia.

Nimejaribu kuinuka mara moja, Dada. Nikasema nimesahau kufunga kompyuta. Barasa aliweka mkono wake mzito kwenye goti langu, akauacha hapo.

Sasa hivi daktari mwenyewe amefungua mlango na faili mkononi. Ameita, "Barasa!" Tumesimama wote wawili. Amemtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akauliza nani kati yetu ni mgonjwa.

Nimenyoosha mkono.

Ni mimi ndugu yako,
Omari Hamisi, wa miaka thelathini na mmoja.